Funda la Kwanza

Kila Manka alipomletea shemeji yake togwa, alianza kunywa yeye. Alifungua chupa ya chai mbele ya askari, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akapiga funda moja, akajifuta mdomo kwa pindo la khanga, ndipo akaipitisha chupa kwenye tundu la kioo. Askari wa Kituo cha Ngarasha walidhani anaogopa kanuni. Wengine walimcheka. Hawakujua kwamba kwa watu wa migombani, kinywaji ambacho mtoaji hakukionja ni kinywaji cha adui, na kwamba mwanamke yule alikuwa akisema, pasipo maneno, jambo ambalo ukoo mzima wa mumewe ulikuwa umeshindwa kulisema: sina kinyongo nawe.

Na sababu za kinyongo alikuwa nazo tele. Shemeji huyo, Aminieli, ndiye aliyemuua mume wake.

Daktari Ndelilio Urio aliyaona hayo akiwa amesimama kwenye korido, na kwa kuwa naye alikuwa binti wa migombani, hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa daktari wa akili wa mahakama. Ukiondoa maneno makubwa yaliyobandikwa mlangoni kwake, kazi yake ilikuwa moja tu: kuwaambia majaji kama mtu alikuwepo ndani ya kichwa chake siku mkono wake ulipofanya uovu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa muda mrefu na ilikuwa imemchosha, ingawa hakumwambia mtu.

Manka alipoondoka, daktari aliingia akaketi mbele ya Aminieli. Aminieli alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili, fundi wa pampu za kupandishia maji mlimani tangu theluji ilipokwisha na mifereji kukauka. Mikono yake aliiweka juu ya meza kama vitu vya kuazima.

"Nianzie wapi, daktari?"

"Anzia ulipoanza kuiogopa pombe."

Aminieli akashusha pumzi. "Nilikuwa mwanafunzi. Kulikuwa na sherehe nyumbani, nikanywa masazo ya mbege, ile pombe ya ndizi, mtungini. Kikombe hakikujaa. Kesho yake nikamkuta kaka yangu Nderingo amefungwa mkono. Nikamuuliza, umeanguka? Akaniangalia tu. Baadaye sana ndiyo akaniambia ni mimi niliyeuvunja, kwa mpini wa jembe, na nilikuwa nalia huku nampiga. Sikumbuki hata chembe. Baba alidanganywa kwamba Nderingo ameteleza mferejini. Tangu hapo sijagusa. Kanisani wananisifu kwa wokovu. Siyo wokovu, daktari. Ni hofu."

"Na siku ya kuanua matanga ya mama yenu?"

"Mimi ndiye kitinda mimba. Kihamba, shamba la ukoo, ni changu; kaburi la mama liko kwangu. Lazima mimi nipokee kata ya kwanza ya mbege mbele ya wazee, ninywe, ndipo wengine wanywe. Tukapatana na Nderingo. Yeye atanimiminia togwa isiyolevya, ataweka povu la mbege juu, nani atajua? Nilipokea kata kwa mikono miwili. Hapo ndipo mwisho." Akatazama mikono yake. "Niliamka nimemlalia. Nikawauliza watu, nani kamuua kaka yangu? Mimi ndiye niliyeuliza hivyo, daktari. Kwa sauti kubwa."

Hakulia. Daktari Urio angependelea alie.

Alimweleza basi namna sheria ilivyo. Zamani watu wa namna hii walihukumiwa kwa kubahatisha: daktari huyu anasema hivi, yule anasema vile, na jaji anachagua mwenye tai nzuri. Siku hizi kulikuwa na Rejesho. Kumbukumbu iliyowekwa na ubongo uliolewa haipotei, inajifungia. Ukiurudisha ubongo katika hali ile ile, mlango unafunguka. Mvuke ungemrudisha kwenye dakika ile, kofia ya nyuzi ingesoma alichokisikia, alichokionja na alichokitenda. Kwanza daktari angepitia peke yake, mgonjwa akiamka asijue kitu. Kisha mgonjwa angeulizwa kama anataka kupokea. Akikataa, kila kitu kinafutwa, na mahakama inachukua kwamba alijua alichokuwa akinywa.

"Na nikipokea, halafu nikashindwa kuishi nacho? Kinatoka?"

"Hakitoki."

"Hata kwa dawa?"

"Hata kwa dawa, Aminieli. Utakuwa nacho mpaka unakufa."

Nje, upepo ulikuwa ukizivuta nyavu zilizotandazwa juu ya migomba kuikinga na jua, zikawa zinapiga kelele kama mabati.

"Nderingo alisema kitu," akasema mwishowe. "Sijui ni nini, lakini najua alisema. Nataka nikisikie."

*

Siku ya kupitia, daktari alimlaza Aminieli kwenye kitanda cha mikanda, akamvalisha kofia, akaufungua mvuke. Mashine haikuonyesha picha kama sinema, na watu wengi walivunjika moyo walipoambiwa hivyo. Ilitoa sauti, iliandika ladha, harufu na mijongeo ya mwili, na ilichora mistari miwili. Wa kijani ulikuwa wa utambuzi: mtu anajua nini, tangu lini. Mwekundu waliuita dhoruba. Kwa mlevi wa kawaida dhoruba hupanda polepole na utambuzi hushuka polepole, na mahali fulani hupishana. Kwa watu kama Aminieli, ambao vitabu vinasema wana ulevi wa kiugonjwa, dhoruba husimama wima kama ukuta.

Daktari Urio alisikia vilio vya wanawake, akasikia kuku. Akasikia sauti ya mwanamume ikisema kwa utani, "Shika vizuri, usimwage mbele ya wazee," na akajua huyo ni marehemu. Kisha funda la kwanza. Aminieli alilimeza kwa pupa, kama mtu anywavyo togwa akiwa na njaa ya siku nyingi. Ladha ikaja nyuma yake. Uchachu. Ule moto mdogo kooni.

Mstari wa kijani uliruka. Alijua.

"Hii siyo togwa," sauti ya Aminieli ilinong'ona.

"Mama asisindikizwe na togwa, Ami," Nderingo akajibu chini chini. "Ni kidogo tu. Wewe sasa ni mtu mzima, yale yalikuwa ya utoto. Kunywa, mdogo wangu."

Daktari alijikuta amesimama. Kumbe ndivyo. Huyu kaka aliyevunjwa mkono, aliyeficha siri miaka yote ile, ndiye aliyemmiminia. Wala si kwa ubaya. Alimpenda mama yake, alimpenda mdogo wake, akaamini kwamba mapenzi yanatosha kuponya ugonjwa. Daktari alitamani kumzaba kofi.

Mzee mmoja akaanza kuomba, kata ingali mikononi mwa Aminieli, na wazee wale hawakuwa wabahili wa sala. Waliombea kaburi, migomba, walio mbali, mvua. Walipofika kwenye mvua, mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda. Ulikuwa umechochewa na funda lile moja, na usingizi uliokosekana, na tumbo tupu, na msiba. Wazee wakasema amina. Aminieli akaiinua kata kwa mikono miwili na kuinywa mpaka chini.

Kilichofuata daktari alikisikiliza huku amefumba macho. Dhoruba ilisimama. Kwa mayowe yake, Aminieli alikuwa akiona watu wanamfukua mama yake, wanamvuta kwa miguu. Aliokota panga la kukatia migomba kwenda kuwazuia. Mtu mmoja kati ya wale alimjia kwa mbele, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia sikioni, "Ni mimi, Ami. Ni mimi. Ni mimi."

Daktari aliifunga mashine. Akaurudisha mvuke wa kumwamsha, akamwangalia yule mwanamume mkubwa akifumbua macho yasiyojua lolote.

"Vipi, daktari?" akauliza Aminieli. "Kuna kitu?"

Sheria ilimkataza kujibu. "Pumzika," akasema, na sauti yake ikamsaliti kidogo.

Alirudisha ile sehemu ya sala mara nyingi mchana ule. Kuhusu funda la kwanza hakuwa na shaka; mtu aliyedanganywa hana hatia ya alichodanganywa. Lakini kile kilichobaki ndani ya kata? Aliyekimaliza alikuwa nani? Dhoruba ilikuwa imekwisha anza, ndiyo. Utambuzi nao ulikuwa haujashuka. Mistari ile miwili ilikuwa inakimbia pamoja, na mashine haikusema zaidi ya hapo. Mashine ilichora. Kusema ilikuwa kazi yake.

*

Aminieli alipokea. Hakutaka kushauriwa. Mvuke wa pili, ule wa kufunga kumbukumbu isitoroke tena, una harufu ya karafuu, na chumba kilikuwa kingali kinanukia alipofumbua macho. Safari hii macho yalijua.

Alilala akitazama dari. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, hakuyafuta.

"Aliniita Ami," akasema. "Hakuna mwingine anayeniita hivyo."

"Pole sana."

"Alinikumbatia."

"Ndiyo."

Baada ya muda aliketi. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kupiga hesabu fulani. "Daktari, mahakama inaisikia hii?"

"Hapana. Kumbukumbu ni mali ya mwenyewe. Wewe utaeleza kwa mdomo wako. Mimi nitaulizwa tu kama maelezo yako yanalingana na Rejesho au hayalingani, na yasipolingana nitatakiwa kufafanua. Ukisema ukweli, utakwenda nyumbani."

"Na Nderingo?"

Daktari hakutaka kujibu hilo, lakini alijibu. Aliyempa mtu kilevi huku akijua kwamba mtu huyo ni mgonjwa, sheria inamhesabu yeye kuwa mtendaji. Nderingo angeandikwa kuwa ndiye chanzo cha kifo chake mwenyewe.

"Basi unajua ukoo wetu unafanyaje na mtu aliyejiletea kifo. Halali kihambani. Watamfukua, wampeleke makaburi ya mji, kule kwa watu wasiojulikana. Kando ya mama watabakisha shimo." Akainama mbele. "Na Manka atatembea na neno hilo. Wanawe wataitwa watoto wa yule. Huyo mwanamke anaonja togwa mbele yangu kila anapokuja. Unataka nimlipe hivyo? Nitasema nilijimiminia mwenyewe."

"Utafungwa maisha kwa kosa ambalo hukulifanya."

"Mkono ni wa nani, daktari? Si huu?"

"Mkono ni wako. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo kwenye kata," akasema Aminieli. "Nilipoinywa mara ya pili nilikuwepo. Nilimtazama kaka yangu, nikaona anavyonisihi kwa macho, nikasema moyoni, liwalo na liwe. Sasa ninakumbuka. Wewe umeona mistari tu."

"Mstari mwekundu ulikuwa umeshapanda. Unachokumbuka kama uamuzi, huenda ulikuwa ugonjwa unaosema kwa sauti yako."

"Huenda," akasema. "Nakuomba dada yangu. Sema yanalingana. Neno moja."

Alikuwa amemwita dada yangu, na kwao neno hilo halitupwi ovyo. Daktari Urio alitoka bila kumjibu. Alijiona mwoga, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

*

Jaji Semvua alikuwa mtu wa taratibu, mwenye sauti ya kutuliza watoto. Alimwuliza mshtakiwa kama amepokea Rejesho kwa hiari yake, na Aminieli akasema ndiyo. Alimwuliza nani alimimina kinywaji.

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa."

"Ulijua ni mbege?"

"Nilijua."

"Na ulijua pombe inakufanya nini?"

"Nilijua tangu utoto."

Nyuma kabisa, Manka aliziba mdomo kwa khanga. Hakupiga kelele. Alikuwa ameamini siku zote kwamba ni ajali, na sasa shemeji yake alikuwa akimwambia mbele za watu kwamba haikuwa ajali, ili asije akaambiwa jambo baya zaidi.

"Daktari," jaji akageuka, "maelezo haya yanalingana na Rejesho?"

Neno moja. Daktari Urio alimtazama Aminieli, naye Aminieli alimtazama kwa macho ya kusihi, macho yale yale, bila shaka, ambayo Nderingo alimtazama nayo yeye. Mtu anakuomba kwa mapenzi unywe kitu unachojua kitaua. Wazo hilo lilimjaza hasira. Ni mapenzi ya namna hii hii yaliyoleta maiti, na sasa yanaomba ya pili. Tena, kama leo atasema uongo kwa ajili ya huruma, kesho nani atamzuia asiseme kwa ajili ya chuki? Kaburi ni udongo. Gereza ni miaka ya mtu anayepumua.

Hayo aliyawaza, na yote yalikuwa na maana. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo hakulitazama sawasawa: alikuwa mtaalamu, na alitaka kuwa na uhakika.

"Hayalingani," akasema.

Aminieli aliinuka. "Daktari!"

"Keti chini," jaji akasema. "Fafanua, daktari."

Akafafanua. Alieleza kwamba wako watu ambao kiasi cha pombe kisichoweza kumlevya mtoto huwavuruga akili ghafla. Wanaona yasiyokuwepo, wanapiga, kisha wanalala fofofo na kuamka bila kukumbuka lolote. Kwamba uchovu, njaa na msiba ndivyo vilivyofungua mlango. Kwamba mshtakiwa aliahidiwa togwa na kaka yake, na kaka yake huyo, kwa mkono wake, akamimina mbege akijua.

"Lakini Rejesho linaonyesha alikuja kutambua?" akauliza mwendesha mashtaka, mwanamke kijana, mkali. "Na baada ya kutambua aliendelea kunywa?"

"Alitambua. Alipoendelea, dhoruba ilikuwa imeanza."

"Kwa hiyo unaiambia mahakama nini? Aliyeimaliza kata ile ni nani?"

Daktari alipapasa mkoba wake, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Hakuwa Aminieli," akasema. "Aminieli hakuwepo tena."

"Nilikuwepo!" Aminieli alipiga ukelele, na askari wawili wakamshika mabega. "Anadanganya! Nilikuwepo! Shemeji, usimsikilize, nilimimina mimi!"

Hakuna mshtakiwa aliyewahi kuonekana katika ukumbi ule akipigania hatia yake namna hiyo. Watu walishangaa, wengine wakacheka kwa wasiwasi. Manka hakucheka. Alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akatoka, na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake.

*

Walimfukua Nderingo kabla Aminieli hajaachiwa. Ukoo haukutaka kungoja. Walimpeleka makaburi ya mji kwa gari la taka lililooshwa, na Manka, waliokuwepo walisema, alilifuata kwa miguu huku amebeba viatu mkononi.

Asubuhi Aminieli alipotolewa, Daktari Urio alisimama dirishani kwake ghorofani, palipotazamana na geti la kituo. Alijiambia anataka kuhakikisha makaratasi yamekwenda sawa. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kama kuna atakayekuja kumpokea. Mlima ulikuwa wazi siku ile, mweusi mpaka juu.

Aminieli alitoka getini na mfuko wa nguo. Hakwenda kushoto wala kulia. Hakuonekana kuwa na mahali.

Manka alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Daktari alimwona akivuka, akasogea karibu na kioo, kwa kuwa mkononi alikuwa na chupa ya chai ile ile. Amekuja, akawaza. Amesamehe, au ameanza. Mungu ni mwema, nilifanya sawa.

Walisimama wakitazamana. Kama walisemezana, haikuwa sana. Manka alifungua chupa, akamimina kwenye kifuniko mpaka kikajaa.

Daktari alingoja.

Manka hakuonja. Alimnyooshea kifuniko kikiwa kimejaa, mkono umenyooka, uso umetulia kabisa. Mle ndani hamkuwa na sumu. Ilikuwa togwa, aliyoipika mwenyewe, labda kwa ulezi ule ule wa siku zote. Lakini hakuionja, na wote wawili walijua maana yake, na daktari kule juu naye alijua. Lilikuwa neno la mwisho kutoka nyumba ile ya aliyefukuliwa: wewe ni adui. Mtu mwenye akili zake angekiacha kinywaji hicho kimwagike, ageuke, aende.

Aminieli alimtazama Manka usoni kwa muda mrefu. Hakuwa na dhoruba yoyote kichwani. Alikuwa amelala, amekula, yuko timamu kama daktari mwenyewe. Aliweka mfuko chini. Akapokea kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa mpaka chini, polepole, bila kuondoa macho kwa yule aliyempa.

Daktari Urio aliijua mikono ile. Alikuwa ameisoma mchana mzima, mara nyingi, pale wazee waliposema amina na kata ikainuliwa.

Alishika ukingo wa dirisha. Getini, Manka alichukua kifuniko chake, akakipangusa kwa khanga, akafunga chupa na kuondoka. Aminieli alibaki amesimama pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, daktari aliamini neno lake lile: nilikuwepo.